Siku ya Nane baada ya Chanjo

Akina mama wengi, wakitoka kwenye chanjo na mtoto mgongoni, huuliza maswali mawili. La kwanza: "Mtoto wangu amekwisha kuchanjwa. Mbona naambiwa kumrudisha tena, na tena?" La pili: "Kama dawa ni njema, mbona mwuguzi aniambia nimwangalie mtoto usiku huu, na nikiona neno nirudi kumwarifu? Je, yeye mwenyewe ana shaka?"

Maswali haya si ya kijinga. Ni maswali ya mzazi mwenye akili, naye mzazi wa namna hiyo hastahili kujibiwa kwa ukali wala kwa kicheko. Tumeona yafaa kuyajibu kwa njia ya historia. Maana desturi hizi mbili, ya kuchanja tena na ya kuangalia baada ya chanjo, hazikutungwa na mtu mmoja aliyekaa mezani. Zilifundishwa na mambo yaliyowapata watu, mengine ya furaha, mengine ya msiba.

Siku mbili za chanjo

Zamani ndui iliua watu katika kila nchi. Aliyepona alibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Katika mji mdogo wa Berkeley, huko Uingereza, alikaa mganga jina lake Edward Jenner. Watu wa shamba wa pande zile walijua kwamba wasichana wanaokamua ng'ombe hupata mara nyingine malengelenge mikononi, ugonjwa mwepesi wa ng'ombe, na kwamba watu hao hawashikwi na ndui. Siku ya 14 Mei 1796 Jenner alitwaa maji ya lengelenge la msichana mmoja, Sarah Nelmes, akamchanja nayo mtoto wa miaka 8, James Phipps, mwana wa mtunza bustani. Mwezi wa Julai akamtia ndui yenyewe ili kujaribu, na mtoto hakuugua. Leo hakuna mganga mwenye ruhusa ya kumjaribu mtoto hivyo. Lakini tangu siku ile njia ilikuwa imefunguliwa.

Zamani zile hapakuwa na friji wala chupa za dawa. Mtoto aliyechanjwa alirudishwa kwa mchanjaji siku ya nane, na siku hiyo mchanjaji alikuwa na kazi mbili. Kwanza aliutazama mkono: je, lengelenge limetokea vema? Kama halikutokea, chanjo haikushika, na ilipasa kuanza upya. Kisha alitoa maji katika lengelenge lile, akawachanja watoto wengine waliokuwa wakingoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1853 iliwaamuru wazazi kumchanja mtoto kabla hajapita miezi mitatu, na pia kumrudisha siku ya nane ili atazamwe.

Tuikumbuke siku hiyo ya nane. Tangu mwanzo, basi, chanjo ilikuwa na siku mbili: siku ya kisu na siku ya jicho. Mchanjaji aliyefanya kazi ya siku ya kwanza tu alikuwa amefanya nusu ya kazi yake.

Ndui iliyorudi

Jenner aliamini kwamba aliyechanjwa mara moja amekingwa mpaka kufa. Wengi waliamini kama yeye. Lakini ilipopita miaka ishirini hivi, ndui ikaanza kuwashika watu wazima waliochanjwa utotoni. Adui wa chanjo wakasema: "Mwaona! Ni bure." Rafiki za chanjo, nao, wengine walikataa kuamini; walisema labda mtu yule hakuchanjwa vizuri, au labda ugonjwa ule si ndui.

Wako waganga waliotenda lililo bora zaidi: walihesabu. Waliandika umri wa kila mgonjwa, mwaka aliochanjwa, na kama alipona au alikufa. Ndipo wakaona mambo mawili. Waliochanjwa, hata wakishikwa na ndui, kwa kawaida waliugua ugonjwa mwepesi kuliko wengine. Nao walioshikwa walikuwa hasa wale waliochanjwa miaka mingi nyuma. Basi chanjo haikuwa bure, wala haikuwa ya milele. Nguvu yake ilipungua, kama mlinzi aliyeonyeshwa uso wa mwizi mara moja tu: mwaka wa kwanza anamtambua gizani, lakini baada ya miaka ishirini aweza kumfungulia mlango. Dawa yake ni kumwonyesha tena uso ule.

Kati ya miaka ya 1820 na 1840 majeshi ya Württemberg na ya Prussia, katika nchi za Wajerumani, yakaanza kuwachanja tena askari wao. Ilipotokea vita kati ya Ufaransa na Wajerumani, mwaka 1870 na 1871, ndui ilienea katika majeshi yote mawili. Askari wa Ufaransa, ambao wengi wao hawakuchanjwa tena, walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa huo. Kwa Wajerumani waliokufa walikuwa mamia tu. Lakini raia wa Ujerumani, ambao hawakuchanjwa tena kama askari wao, walikufa kwa makumi ya maelfu ugonjwa ulipoingia mijini. Mwaka 1874 sheria ya Ujerumani ikaamuru kila mtoto achanjwe akiwa mdogo, na achanjwe tena katika mwaka wake wa 12.

Hili ndilo jibu la swali la kwanza la mama. Chanjo ya kurudia haikuletwa na watu waliodharau ile ya kwanza. Ililetwa na watu walioipenda hata wakakubali kusema wazi mahali inapopungukiwa.

Msiba wa Rivalta

Sasa tusimulie jambo la uchungu. Mwaka 1861 katika kijiji cha Rivalta, upande wa kaskazini wa Italia, walichanjwa watoto 63 kwa ile desturi ya mkono kwa mkono. Mtoto wa kwanza aliyetolewa maji ya kuwachanja wenzake alionekana mzima, kumbe damu yake ilikuwa na kaswende. Watoto zaidi ya 40 wakaambukizwa ugonjwa huo. Wengine wakawaambukiza mama zao walipokuwa wakinyonya.

Wazazi waliokuwa wakinung'unika, katika Italia na kwingineko, kwamba mkono wa mtoto mmoja waweza kuleta ugonjwa wa mwingine, walikuwa wamesema kweli. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini waganga waliotumwa kuchunguza walifuata jambo hili mtoto kwa mtoto, mpaka wakafika kwa yule wa kwanza, wakaeleza waliyoyaona. Msiba huo na mingine iliyofanana nao ikawavuta watu waiache desturi ya mkono kwa mkono. Huko Napoli waganga walikuwa wamekwisha kuzoea kukuza dawa ya chanjo juu ya ngozi ya ndama. Njia hiyo ikaenea Ulaya. Uingereza ilikataza kabisa mkono kwa mkono mwaka 1898.

Tuseme lipi basi? Siku ya nane ilikuwa inatazama lengelenge tu, yaani kama dawa imeshika. Rivalta ilifundisha kwamba yapasa kumtazama pia mtoto mzima, na mama yake, si siku moja tu bali majuma na miezi, ili kujua kama dawa imedhuru.

Mkono uleule

Tuvuke sasa bahari, twende Marekani, katika karne ya 20. Huko watu waliogopa polio kuliko ugonjwa wowote wa watoto. Mwaka 1952 peke yake waliugua watu zaidi ya 57,000. Mganga Jonas Salk alitengeneza chanjo ya virusi vya polio vilivyouawa kwa dawa, nayo ilipimwa mwaka 1954 katika majaribio makubwa yaliyohusu watoto karibu 1,800,000. Siku ya 12 Aprili 1955 katika mji wa Ann Arbor ikatangazwa kwamba chanjo yalinda. Kengele za makanisa zililia, na watu walitoa machozi ya furaha. Watoto wakapangwa mistari shuleni kwa sindano ya kwanza. Ya pili na ya tatu zilikuwa zifuate.

Hayakupita majuma mawili, zikaja habari kutoka California na Idaho: watoto waliochanjwa wamepooza. Je, ni chanjo, au ni polio ya kawaida, ambayo ingewashika hata wasingechanjwa? Waganga waliuliza maswali matatu. Dawa ilitoka kiwanda gani? Zilipita siku ngapi tangu sindano? Kiungo gani kimelegea? Majibu yakafanana. Wengi wao walichanjwa dawa ya kiwanda kimoja, Cutter, cha California. Siku zilikuwa chache, zikilingana na siku ambazo polio hukaa mwilini kabla ya kuonekana. Na mara nyingi kiungo kilicholegea kilikuwa ni mkono uleule uliochomwa sindano.

Siku ya 27 Aprili dawa ya kiwanda hicho iliondolewa. Kesho yake mganga Alexander Langmuir akaanzisha ofisi ya kuangalia polio katika nchi nzima: kila mji ulipeleka habari za wagonjwa wake, nazo zikaandikwa na kutangazwa. Siku ya 7 Mei chanjo yote ikasimamishwa nchini, mpaka kila kiwanda kikaguliwe. Ilionekana kwamba katika dawa ile baadhi ya virusi havikufa. Watu zaidi ya 150 walipooza na 10 wakafa, watoto waliochanjwa pamoja na ndugu na jirani zao walioambukizwa. Mwaka 1958 baraza la wazee wa mahakama huko California likaamua kwamba kiwanda hakikuwa kizembe, lakini lazima kiwalipe walioumia, kwa kuwa kiliuza kitu kilichodhuru.

Hebu tufikiri juu ya mzazi wa Marekani wa mwezi wa Mei 1955. Mtoto wake amepata sindano ya kwanza, anangoja ya pili, naye amesikia habari hizo. Amrudishe, au asimrudishe? Wengine waliogopa, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini walielezwa kosa lilikuwa wapi, dawa gani imeondolewa, na upimaji gani mpya umeongezwa. Chanjo ilipoanza tena, wengi walirudi. Mwaka 1957 wagonjwa wa polio katika Marekani walikuwa chini ya 6,000. Kama habari zingefichwa, watu wangezijua tu, maana mtoto aliyepooza hafichiki; na hapo wangekataa chanjo ya viwanda vyote, nzuri na mbaya pamoja.

Yaliyotokea kwetu

Mambo haya si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1958, siku za ukoloni, waganga walitoa chanjo ya polio kwa njia ya kinywa kwa watu zaidi ya 200,000 katika bonde la Ruzizi. Ilikuwa dawa ya Hilary Koprowski, ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Watu waliitwa, wakaja. Miaka mingi baadaye neno likaenea, na mwaka 1999 likaandikwa katika kitabu kikubwa, kwamba Ukimwi ulitokana na dawa ile. Jambo hilo lilichunguzwa. Chupa za zamani zilizohifadhiwa zilipimwa, na hazikuwa na virusi vya Ukimwi wala nyama ya sokwe. Tena wataalamu wa virusi walionyesha kwamba Ukimwi uliingia kwa watu miaka mingi kabla ya 1958. Neno lile halikuwa kweli. Lakini tuangalie: halikushindwa kwa kukasirika. Lilishindwa kwa sababu chupa zilikuwa zimetunzwa, nazo zikaweza kupimwa.

Ndui ilikwisha katika nchi yetu mwaka 1971, na duniani pote ikatangazwa kuwa imekwisha mwaka 1980. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho Kongo mwaka 2011. Hata hivyo bado tunasikia habari za watoto wanaopooza, na ukweli wake yapasa kusemwa wazi. Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyo dhaifu. Vikimwingia mtoto vyamfundisha mwili wake kujilinda, kisha hutoka pamoja na choo. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi hivyo vyaweza kupita toka mtoto hata mtoto kwa muda mrefu, mpaka vikapata nguvu tena na kupoozesha. Jambo hili limetokea Kongo, katika Haut-Lomami na Tanganyika na kwingineko. Anayepona hatari hiyo ni mtoto aliyechanjwa kamili. Anayeumia ni yule aliyeachwa nyuma.

Jambo hilo lilijulikanaje? Kwa jicho la siku ya nane! Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea mguu au mkono ghafla yapasa aarifiwe, na choo chake kichukuliwe mara mbili, kipelekwe kupimwa. Kwa kufuata hivyo nchi hata nchi, wataalamu walijua kosa liko wapi, wakatengeneza matone mapya yasiyogeuka upesi. Matone hayo yalianza kutumiwa Afrika mwaka 2021.

Tena kuangalia hakuleti habari za kuogopesha tu. Kwa miaka mingi msafiri aliambiwa arudie chanjo ya homa ya manjano kila baada ya miaka 10, la sivyo karatasi yake ya manjano ilikataliwa mpakani. Wataalamu waliwapima damu watu waliochanjwa zamani, wakaona kinga yao ingali imara. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likasema chanjo moja yatosha kwa watu karibu wote, na tangu Julai 2016 karatasi hiyo yafaa kwa maisha yote. Mwaka huohuo dawa ilikuwa haba na homa imefika Kinshasa. Watu zaidi ya 7,000,000 wakapewa sehemu moja ya tano ya dozi. Je, walikingwa? Haikuachwa hivihivi. Mamia kadhaa yao walipimwa damu baada ya mwezi mmoja, na katika kila 100, zaidi ya 95 walikuwa na kinga.

Basi waganga wanaoangalia ndio wanaojua lini kurudia ni lazima, na lini ni kazi bure.

Kusimama nako kuna bei yake

Mwezi wa Machi 2021 Kongo ilipokea dozi 1,700,000 za chanjo ya Covid ya AstraZeneca. Siku zilezile nchi nyingi za Ulaya ziliisimamisha, kwa kuwa watu wachache sana waliochanjwa walipata damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida. Nchi yetu ikangoja, na chanjo ikaanza tarehe 19 Aprili. Hatari ile ilikuwa ya kweli, ingawa ilikuwa nadra. Kuichunguza kulikuwa haki. Lakini majuma yalipotea, hofu ikatangulia mbele ya maelezo, na dozi 1,300,000 zikarudishwa zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Kwa dawa za namna nyingine ilionekana kwamba vijana wa kiume, hasa baada ya sindano ya pili, waliweza kwa nadra kupata uvimbe wa msuli wa moyo. Wengi wao walipona. Kanada, kwa mfano, ikashauri sindano ya pili ingoje majuma 8.

Hapa twajifunza kwamba haitoshi kuangalia. Yapasa pia kueleza, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na kwa wakati wake. Anayesimamisha dawa bila kueleza huwaachia watu hofu tupu, na hofu hiyo haiondoki siku dawa inaporudishwa.

Baada ya, na kwa sababu ya

Neno moja limebaki. Mtoto akiugua baada ya sindano, si lazima ameugua kwa sababu ya sindano. Katika nchi yetu watoto hushikwa na malaria kila juma, waliochanjwa na wasiochanjwa. Homa ndogo na maumivu ya mkono siku moja au mbili ni kawaida ya chanjo nyingi. Jambo zito laweza kutokea, lakini kulitambua kwahitaji maswali yaleyale ya mwaka 1955: dawa ipi, siku ngapi, kiungo gani, na je, wasiochanjwa hawapatwi vilevile? Mama mmoja peke yake hawezi kujibu, wala mwuguzi mmoja. Lakini bila habari ya mama yule, hakuna atakayejibu kamwe.

Kwa hiyo twawaomba wazazi mambo matatu. Itunzeni karatasi ya chanjo mahali pakavu, maana ndiyo kumbukumbu ya mtoto. Mrudisheni siku iliyoandikwa: juma la 6, la 10, la 14, na siku nyingine mtakazoambiwa, sindano moja kati ya tatu ni kama ukuta usiofika kwenye paa. Na mkiona neno la kuwatia wasiwasi, semeni mbele ya mwuguzi, wala msiishie kulisema kisimani.

Nao wauguzi twawaomba hili. Mama akija kusema, "Mtoto amebadilika tangu sindano ile," msimkemee, wala msimwambie si kitu kabla ya kumtazama mtoto. Mpeni kiti, mwulizeni siku na saa, someni namba ya chupa, andikeni, na kupeleka habari juu. Kisha, majibu yakirudi, mtafuteni mama yule mumwambie. Yeye amefanya kazi ya siku ya nane. Ni haki yake kujua kilichoonekana.